Rosta isiyofukuza watu: ninavyopanga zamu za wahudumu wodini

Novemba moja, mvua za kwanza zimeshagusa ardhi, mhudumu wangu wa miaka minne aliingia ofisini kabla ya makabidhiano ya asubuhi akaweka mfuko mbadala mezani. Ndani mlikuwa na sare mbili, zimefuliwa na kupigwa pasi hadi kola, na juu yake kitambulisho na ufunguo wa stoo ya mashuka. Nikajua. Nikamuuliza kama ni mshahara. Akacheka kidogo.

"Mshahara naujua tangu siku mliyoniajiri, Sista. Mwaka jana nililima viazi nusu heka, sikujua nitapata ofu lini nikapalilie. Vikamezwa na majani. Mwaka huu sitaki."

(Sista ni jina la kazi tu. Nina watoto watatu. Masista wenyewe wa shirika wako jengo la pili na huwa wanatucheka.)

Siku hizo rosta ya wiki niliibandika Jumapili jioni, nayo inaanza Jumatatu asubuhi. Nilijiona naendesha wodi vizuri kwa sababu hakuna zamu iliyokosa mtu. Kumbe zamu zilijaa kwa gharama ya viazi vya watu.

Mimi ni inchaji, yaani msimamizi, wa wodi ya wanaume, vitanda 28, hospitali ya misheni mkoani Njombe. Naandika namna ninavyopanga zamu za wahudumu sasa, baada ya kukosea sana. Namwandikia inchaji mwenzangu, hasa wewe uliyekabidhiwa wodi mwezi uliopita ukapewa daftari na rula, basi. Mhudumu ndiye anayemgeuza mgonjwa wa kiharusi kila baada ya saa mbili, anaosha bedipani, anasukuma machela kwenda eksirei, anawahisha sampuli maabara, anabadilisha mtungi wa oksijeni, na saa tisa usiku anampeleka marehemu mochwari yeye na mlinzi. Wengine wana cheti cha mwaka mmoja, wengine tumewafunda hapahapa wodini. Wauguzi wakipungua, kelele zinafika mbali. Mhudumu akiondoka, watu hushtuka siku mashuka yanapokosekana.

Hesabu kwanza, majina baadaye

Inchaji mpya huanza na majina. Anaandika orodha ya watu pembeni, siku juu, halafu anajaza maboksi kama anayecheza bao peke yake, na kila penye tundu anamsukumia yule asiyelalamika. Baada ya miezi sita yule asiyelalamika anakuletea mfuko mbadala.

Anza na saa. Zamu zetu ni hizi: asubuhi saa 1:30 hadi saa 8:30 mchana, wahudumu wawili, jioni saa 8:00 mchana hadi saa 2:00 usiku, wawili, usiku saa 2:00 hadi saa 2:00 asubuhi, mmoja. Asubuhi ni saa 7 mara watu 2 mara siku 7, unapata 98. Jioni ni saa 6 mara 2 mara 7, unapata 84. Usiku ni 12 mara 7, 84 nyingine. Jumla saa 266 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mtu mmoja. Gawa 266 kwa 45, unapata 5.9. Watu sita basi, ambao hawaugui, hawafiwi, hawazai na hawaendi likizo.

Mimi ninao saba, na katibu wetu wa afya alikuwa akiniambia nina ziada ya mtu. Lakini kila mmoja ana likizo ya siku 28 kwa mwaka, yaani wiki nne. Saba mara nne ni wiki 28. Mwaka una wiki 52. Zaidi ya nusu ya mwaka huyo wa saba yuko kwao.

Kuna hesabu nyingine, na hii ndiyo iliyonitoa usingizini. Panga naiti, yaani zamu za usiku, kwa mafungu ya siku tatutatu. Watu saba wakipokezana, naiti inamrudia mtu yuleyule baada ya siku 21. Ndani ya siku hizo 21 kuna nafasi 84 za asubuhi na jioni. Gawa kwa saba, kila mtu 12. Kwa hiyo kila mhudumu ana zamu 12 za mchana, naiti 3, na ofu 6.

Mwondoe mmoja. Mzunguko sasa ni siku 18. Kila mtu bado ana zamu 12 na naiti 3. Ofu zimebaki 3.

Mwondoe wa pili. Siku 15, zamu 12, naiti 3. Ofu hakuna hata moja.

Nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani kalamu imekosea. Kazi ya kila mtu kwenye mzunguko ni ileile. Kinacholiwa ni ofu zao. Nikaelewa kwa nini wahudumu huondoka kwa mkupuo kama kumbikumbi. Akiondoka mmoja, waliobaki wanapoteza karibu nusu ya mapumziko yao siku hiyohiyo, na anayefuata anaanza kuulizia nauli. Kwa hiyo usingoje mpaka watatu waondoke ndipo upige mbiu. Piga akiondoka wa kwanza.

Mnyororo

Baada ya hapo niliacha kujaza maboksi. Nina mnyororo mmoja ambao kila mtu anaupitia, tofauti ni siku ya kuanzia. A ni asubuhi, J jioni, U usiku, O ofu. Wote saba wakiwepo unakuwa hivi:

U U U O O A A J J O A A J J O A A J J O O

Wa kwanza anaanza naiti leo. Wa pili anaanza naiti zake siku ya nne, mwenzake akiwa amemaliza. Wa tatu siku ya saba, na kuendelea. Chora kwenye karatasi ya maboksi, mistari saba, halafu jumlisha kila siku kwenda chini: lazima utoke na asubuhi wawili, jioni wawili, usiku mmoja, ofu wawili. Isipotoka hivyo umeruka boksi mahali. Usilazimishe, tafuta boksi.

Mmoja akienda likizo, waliobaki sita wanahamia mnyororo mfupi:

U U U O A A J J O A A J J O A A J J

Huu nao kila siku unatoa asubuhi wawili, jioni wawili, usiku mmoja, na mmoja yuko ofu. Ni mkali. Ile ofu ya baada ya naiti ni ya kulala tu. Ndiyo maana kalenda ya likizo naipanga Januari, na sikubali hata kwa machozi likizo mbili zigongane.

Utaona hakuna mahali J inafuatwa na A, na hilo silo la kupendeza macho. Sheria inataka saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Jioni inaisha saa 2:00 usiku, asubuhi inaanza 1:30. Ni saa 11 na nusu. Umevunja sheria kwa nusu saa. Hiyo nusu saa ni ya kwenye karatasi, kwani mhudumu wangu anayekaa ng'ambo ya bonde anafika nyumbani saa 3:15, anabandika maji, anakula, anaangalia madaftari ya watoto, na saa 11 alfajiri anaamka tena kwenye ukungu. Kwa miaka mingi nilikuwa nawapanga "jioni-asubuhi" kwa kuwa niliona wanapata ofu ndefu baadaye. Hakuna aliyewahi kunishukuru kwa ofu hiyo. Walikuwa wanailala.

Jambo la kupeleka kwa katibu kabla ya kubandika: zamu ya saa 12 inataka makubaliano ya maandishi, na hakuna anayeruhusiwa kupitishwa hizo 12 kwa siku. Pia wiki yenye naiti tatu na asubuhi mbili inafika saa 50, japo wastani wa mzunguko mzima kwa watu saba ni 38. Zile tano za juu ya 45 ama zilipwe kama saa za ziada, ama yawepo makubaliano ya pamoja kupitia chama cha wafanyakazi ya kukokotoa kwa wastani. Usiliache likae kimya. Siku mtu akigombana na hospitali, karatasi yako ya maboksi ndiyo itakayosomwa.

Sasa kasoro ya mnyororo, maana sikuiona mpaka nilipoonyeshwa. Siku 21 ni wiki tatu kamili, kwa hiyo kila mtu anarudia siku zilezile. Ofu sita zinaangukia siku sita tofauti za wiki, na siku ya saba haipati kabisa. Kwa mmoja wetu siku hiyo ilikuwa Jumapili. Jumapili moja naiti, ya pili jioni, ya tatu asubuhi, halafu naiti tena. Ibada aliweza kuiwahi siku ya jioni, lakini Jumapili ya kukaa na watu wake hakuwa nayo. Alikaa mizunguko mitatu bila kusema, kisha akaja na kalenda ya ukutani aliyoichora kwa peni nyekundu. Nilikuwa najisifu kwa usawa wa mnyororo wangu.

Tukapata dawa kwa bahati. Tunaye Msabato mmoja. Nafasi ile isiyo na Jumapili ina Jumamosi moja ya ofu, Jumamosi moja anaingia naiti saa 2 usiku, jua limeshazama na Sabato imekwisha, na zamu ya jioni Ijumaa moja na Jumamosi moja tu, ambazo anabadilishana na mtu. Akaipokea mikono miwili. Kama huna Msabato, zungusha nafasi: kila baada ya mizunguko miwili kila mtu anasogea hatua moja.

Rosta inabandikwa tarehe 20 kwa ajili ya mwezi unaofuata. Mnyororo ukishazoeleka watu wanahesabu wenyewe. Nimewakuta chumba cha chai wanapanga Pasaka Februari.

Daftari la maombi

Mnyororo peke yake haujui msiba. Kwa hiyo kwenye msumari kando ya mlango wangu kuna daftari dogo lenye kamba. Kila mhudumu ana maombi mawili kwa mwezi: siku anayoitaka, na jina la mwenzake aliyekubali kubadilishana. Linafungwa tarehe 15. Sababu haiandikwi. Mwanzoni nilikuwa nataka sababu, nikagundua nawafundisha watu kusema uongo. Mtu anayetaka kwenda kwenye kikoba chake Ijumaa alikuwa ananiandikia "kliniki".

Yanayoombwa utayajua baada ya mwaka mmoja, na mengine unaweza kuyawahi kabla hayajaombwa. Januari wiki ya shule kufunguliwa kila mzazi anataka siku moja ya kumpeleka mtoto bweni na sanduku lake. Novemba na Desemba kupanda. Juni mpaka Agosti mahindi yanavunwa. Jumamosi ya kipaimara. Usishindane na mambo haya; yana umri kuliko hospitali.

Msiba ndio mgumu. Sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa kufiwa na mume au mke, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa. Shangazi hayumo. Baba mdogo hayumo. Kwetu huku asiyekwenda kumzika shangazi yake akarudi mzima kijijini ni nani? Kwa hiyo kwa msiba nje ya orodha natoa siku moja papo hapo, na zinazobaki analipa kwa kubadilishana ndani ya mzunguko huo. Nani anamshikia? Huwa nauliza kwenye makabidhiano, mbele ya wote, na simalizi kuuliza kabla mtu hajajitolea, kwa sababu kila mmoja anajua wake unakuja. Kuna mwaka nilimnyima kijana ruhusa ya kwenda kumzika mama yake mkubwa, kwa kuwa "sheria haimtaji". Alifanya zamu yake. Mwezi uliofuata aliondoka, na watatu kati ya waliobaki hawakunisalimia vizuri mpaka Krismasi.

Kuuza zamu

Kubadilishana ni jambo jema mpaka pesa iingie. Mhudumu mwenye shida anauza, mwenye nguvu ananunua, na inchaji anaona saini mbili daftarini anafurahi. Nilifurahi hivyo mpaka asubuhi moja saa 11 nilipopita wodini kabla ya muda wangu. Mhudumu wa naiti alikuwa amelala kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda namba 9, kidevu kifuani. Dripu ilikuwa imekwisha, damu imepanda kwenye mpira, na kaka wa mgonjwa ameushika mkono wa ndugu yake ameuinua juu, hajui la kufanya, anaogopa kumwamsha mtu mwenye sare. Muuguzi alikuwa chumba cha pili na mgonjwa wa kifafa. Mgonjwa hakudhurika. Nikafungua daftari: kijana yule aliingia asubuhi ya jana yake, akanunua jioni ya mmoja, akaendelea na naiti yake. Angemaliza angekuwa na saa 24 na nusu. Na saini ya kuidhinisha ilikuwa yangu.

Tangu siku hiyo kabla ya kusaini nasoma mistari yote miwili, wa anayetoa na wa anayepokea, siku moja kabla na siku moja baada. Zamu mbili mfululizo sisaini. Naye anayeuza kila mwezi namwita kando, kwa sababu ana jambo. Wawili nilikuta wanauza kulipa mkopo wa simu.

Naiti yenyewe

Hapa sina mengi. Mjamzito haingii naiti miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi daktari akiandika, na haingii miezi miwili baada ya kujifungua. Anayenyonyesha akirudi kazini anapewa muda wa kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku. Kwetu tunamruhusu amalize zamu mapema badala ya kukatisha katikati, kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo alivyoomba. Malipo ya usiku ni angalau asilimia 5 juu ya mshahara wa msingi kwa kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, hivyo ni saa 10 kati ya zile 12. Mkumbushe mhasibu, wala usione aibu.

Lililowashikilia wahudumu wangu wa kike kuliko posho ni namna ya kurudi nyumbani baada ya zamu ya jioni. Saa 2 usiku, ukungu, hakuna taa barabarani. Tulizungumza na bodaboda mmoja anayefahamika, baba wa familia, awapeleke wawili wanaokaa mbali. Hospitali inalipa mwisho wa mwezi kwa karatasi ya saini. Ni fedha ndogo kuliko tangazo la kazi na miezi ya kumfundisha mtu mpya kubeba mgonjwa bila kumuumiza mgongo, wake na wa mgonjwa.

Na uji. Naiti ipate uji wa moto saa 6. Usinicheke, Njombe ya Julai unaijua.

Kwenda kwa katibu

Usiende kulia. Nilikwenda kulia miaka miwili mfululizo, "wahudumu wamechoka", akanijibu kila mtu amechoka. Mwaka wa tatu nilikwenda na karatasi moja.

Wawili wasipokuwepo kwa wiki nne, waliobaki watano wana saa 225 za kawaida kwa wiki, na wodi inahitaji 266. Pengo ni 41 kwa wiki, 164 kwa wiki nne. Ukizigawa ni karibu 33 kwa kila mtu, chini ya kikomo cha saa 50 za ziada kwa wiki nne, kwa hiyo inaruhusiwa. Lakini saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu: 164 zinakuwa malipo ya saa 246. Mtu mmoja mzima wa mkataba wa muda kwa wiki nne ni saa 180. Nikamwachia karatasi mezani nikaondoka.

Kwenye mgongo wa karatasi niliandika kalenda. Likizo za watu saba, wiki 28. Uzazi mmoja, siku 84, wiki 12. Zimeshafika 40. Wakijifungua wawili mwaka huo, ni 52, mwaka umejaa, na hapo hakuna aliyeugua hata malaria. Mwaka huo tulikuwa na wajawazito wawili. Akanipa wa mkataba wa miezi sita. Hakunipa wa kudumu, na mpaka leo hajanipa, lakini kila ninapoleta karatasi ya namna ile anaisoma.

Wanaokwenda

Mara mbili kwa mwaka nakaa na kila mhudumu. Ofisini hapana, ofisini kila mtu yuko sawa. Tunakunja gozi za vidonda pamoja kwenye chumba cha vifaa, mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka. Swali langu ni moja: mwezi uliopita zamu ilikukosesha nini nyumbani? Mmoja alinijibu, hajawahi kuhudhuria kikao cha wazazi shuleni. Mwingine alisema hakuna, ila madaktari wanafunzi wanamtuma soda kama mtoto. Hilo la soda nililimaliza siku hiyohiyo.

Humo ndimo unapojua nani anarudia mitihani. Wahudumu wengi wanataka kusoma uuguzi na wamekwama kwenye Kemia au Fizikia ya kidato cha nne. Mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ni Novemba. Mwachie huru asubuhi zote za siku za mitihani, badilisha zamu zake mapema, umwambie umefanya hivyo. Wenzangu wananiambia nawasomesha waondoke. Ndiyo, ataondoka. Lakini ananiambia mwaka mzima kabla, na mpaka siku hiyo anakuja kazini.

Ajira za serikali zikitangazwa utapoteza mtu, na huna la kushindana nalo. Usinune, usimwite msaliti, usimfiche barua. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28, na aliyeondoka vizuri huzitimiza, tena wengine hukuletea mdogo wao.

Siku 28 zinatosha kuhama kutoka mnyororo mrefu kwenda mfupi bila kuumiza mtu, ukijua pa kumtolea. Mtoe siku anayomaliza zile ofu mbili za baada ya naiti, kabla hajaingia asubuhi za kwanza. Waliobaki wanaendelea, na anayefuata kwenye naiti anaanza siku yake ileile. Ofu za wengine utazipunguza kwa penseli, moja moja, mpaka mistari sita ilingane kwenda chini. Ukimtoa katikati ya jioni zake utaacha matundu, na utaimaliza Jumapili yako na raba mkononi.